Nyuma ya Neno Ila

Taa ya tatu iliwaka Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, kwenye dirisha la dawa namba mbili, mbele ya watu arobaini waliokuwa kwenye foleni. Shembilu alikuwa amekwisha kunywa dawa yake na kurudisha kikombe. Sista Eliaichi akamwuliza kama anavyomwuliza kila mtu, "Habari za leo, Fundi?" Shembilu akajibu, "Nzuri." Juu ya meza, kando ya mtungi wa maji, Sikio, mashine yetu ya kupima majibu, likawaka jekundu.

Kwenye skrini ya Sista yakatokea maneno yale yale ya mara mbili zilizotangulia: JIBU HALILINGANI NA MWILI. Chini yake, kwa mara ya kwanza, yakaongezeka mengine: KIFUNGU CHA 14. FAILI LIMEPELEKWA BARAZANI.

Foleni nzima ilitazama viatu vyake. Hapakuwa na mtu pale asiyejua kuhesabu mpaka tatu. Shembilu mwenyewe alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema ahsante Sista, akaenda zake karakana.

Desturi ya kusema baada ya kunywa ni ya zamani kuliko Sheria ya Tiba yenyewe. Methadoni, dawa ya kuacha unga, hunywewa kama maji, na mjanja aliweza kuiweka chini ya ulimi, akatoka nje, akaitema na kuiuza. Ndiyo maana wauguzi wa mwanzo walimwambia kila mgonjwa: kunywa, kisha sema. Kinywa kilichojaa hakisemi. Haikujalisha umesema nini. Ungeweza kutaja jina la shangazi yako, ukapita.

Aliyechagua cha kusema ni mimi.

Naitwa Mwantumu. Wizara iliajiri mtu mmoja wa lugha kwa kila kituo, na Mwambakuu ikanipata mimi, mwenye stashahada ya Kiswahili, si shahada, na kwa hilo simwombi mtu radhi. Kabla ya Sheria ya Tiba, Mwambakuu ilikuwa gereza. Aliyekamatwa na kete moja ya heroini mfukoni aliletwa hapa, akatapika na kutetemeka sakafuni siku saba kwa arosto ya kuukosa unga, na askari wakasema anajifanya. Sheria ilipopita, nondo za madirisha zilikatwa zikawa vyuma vya kuegeshea baiskeli, nami nikaja na kalamu yangu. Nilifuta mfungwa, nikaandika mgonjwa. Nilifuta kuachiliwa, nikaandika kuruhusiwa. Teja nililifuta mpaka jikoni, midomoni mwa wapishi. Wageni walipokuja kutoka nchi za mbali kutazama tunavyotibu watu ambao wao bado wanawafunga, ni wao waliohitaji mkalimani. Sheria yetu ilifikiriwa kwa Kiswahili, ikabishaniwa kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiswahili, na ilisomeka.

Ila Kifungu cha Kumi na Nne. Huo ulikuwa mlango mmoja wa jela uliobaki wazi. Wabunge waliouogopa muswada waliupitisha kwa sharti hilo: mgonjwa atakayeficha hali yake mara tatu ndani ya siku tisini amekataa tiba, na aliyekataa tiba arudi chini ya sheria ya zamani. Miaka minne. Na huko gerezani hakuna dirisha la dawa.

Sasa, nani ajue kwamba mtu anaficha? Hapo kwanza walikojoa kwenye vikopo mbele ya macho ya mlinzi. Tukaona ni fedheha, tukaiondoa, mahali pake tukaweka Sikio: kidude cha rangi ya chungu, ukubwa wa nusu ya nazi. Husikiliza pumzi, hupima mtetemo wa koo, huhesabu muda kati ya swali na jibu. Ukisema una raha na koo lako likasema una dhiki, huwaka jekundu. Mhandisi Masalu, aliyelitengeneza, alinitaka swali moja fupi la kila siku. Nikampa: Habari za leo? Nilijivuna siku ile. Nilisimama kikaoni nikasema mashine yetu haitamhoji mtu, itamsalimu.

Foleni ilipokwisha nilimwuliza Sista Eliaichi kuhusu taa mbili za kwanza. Alikuwa anasuuza vikombe na hakugeuka.

"Ya kwanza ni siku aliyofiwa na mama yake," alisema. "Nilimwuliza habari, akanijibu nzuri, ila mama amefariki alfajiri. Nikamwambia pole. Taa ilikuwa imeshawaka."

"Ilishawaka kabla hajasema amefiwa?"

"Alipofika kwenye nzuri tu. Ya pili hivyo hivyo. Nzuri, ila homa imenishika. Si nilimpima mwenyewe, alikuwa anaungua."

"Sista, kwa nini hukuripoti?"

Sasa aligeuka. Ni mwanamke wa Upareni, mtulivu, na utulivu wake una makali. "Niliripoti. Nikajibiwa kwamba swali lilitungwa na mtaalamu wa lugha."

* * *

Masalu nilimkuta ofisini kwake anakula muhogo wa kuchoma. Ni kijana wa rika langu, mwenye akili nyingi na haya kidogo, na ninampenda kama ndugu, ndiyo maana sikubisha hodi. Nilimwuliza Sikio linasikiliza kwa muda gani. Akasema mpaka mtu anyamaze kidogo, kama sekunde moja hivi. Kimya cha kwanza ndicho mwisho wa jibu. Nikamwuliza nani aliliambia hivyo. Akasema hakuna aliyeliambia, lilijifunza lenyewe.

"Lilijifunza kwa sauti za nani?"

Aliweka muhogo chini. Alinieleza polepole kwamba ili mashine ijue uongo ulivyo, ilihitaji maelfu ya saa za watu wakiulizwa na kujibu, na kila jibu liwe limethibitishwa baadaye kuwa kweli au uongo. Sauti za namna hiyo haziokotwi sokoni. Zilikuwapo mahali pamoja tu nchini, zimepangwa vizuri, kila moja na hukumu yake pembeni.

"Vyumba vya mahojiano," nikasema.

"Kumbukumbu za zamani. Majina yaliondolewa yote."

"Masalu, umelipeleka Sikio kujifunza Kiswahili mahabusu."

Alijaribu kutetea. Alisema Kiswahili ni kile kile. Nikamwambia si kile kile. Mahabusu hakuna salamu. Anayeuliza ana rungu, anayejibu ana neno moja, na likishatoka hangojwi aseme la pili. Huku nje mtu akikuuliza habari, kwanza unamjibu nzuri. Unamjibu nzuri hata kama nyumba inaungua, maana nzuri ile ni yake yeye aliyekuuliza, ni kiti unachompa akae. Halafu unavuta pumzi, unasema ila. Ukweli wetu hukaa nyuma ya ila. Kila mtoto anajua.

"Wewe ulijua," alisema Masalu, bila ubaya. "Mbona hukuniambia?"

Kitu unachokijua tangu ukiwa mgongoni mwa mama hukumbuki kumwambia mtu. Nilichukua salamu, nikaiweka mbele ya mashine iliyolelewa kwa rungu, nikasema huo ni upole.

Na lilikuwapo jingine, ambalo sikumwambia Masalu. Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka dirishani. Shembilu aliposema nzuri, nami, bila kufikiri, nilingoja ila yake. Haikuja.

* * *

Karakana ya baiskeli iko ilipokuwa bohari ya gereza. Shembilu alikuwa ameketi kwenye kigoda, gurudumu mapajani, anakaza spoki moja moja na kuipiga kwa ukucha asikilize mlio wake. Ana miaka arobaini na sita. Alianza unga akiwa na ishirini na mbili, akafungwa mara tano, na kwenye dirisha letu ana miezi kumi na minne.

"Karibu, Mwalimu wa maneno," alisema. "Umekuja kunifuta nini leo?"

Nilikaa juu ya debe. Nilimweleza kuhusu Sikio, mahabusu na ila. Alicheka mpaka gurudumu likamponyoka. Alisema basi yule mdudu na yeye wamesoma shule moja, ila yeye alihitimu.

Nikamweleza sehemu ngumu. Baraza la Tiba lingekaa Alhamisi. Ili niwathibitishie kwamba taa mbili za kwanza zilikuwa adabu tu, ilinibidi niwasikilizishe sauti zake, na sauti ni mali ya mgonjwa. Bila ruhusa yake hazifunguliwi. Na faili hufunguliwa lote au halifunguliwi kabisa.

Aliacha kucheka. Alizungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka liliposimama.

"Ya tatu umeisikia?"

"Nilikuwapo."

"Na umeijua."

"Haikuwa na ila, Fundi."

Alisimulia kwa maneno machache. Jumatatu alikuja rafiki yake wa zamani kuchukua baiskeli. Alipoondoka aliacha kwenye benchi kiraka cha tyubu kilichokunjwa, na ndani ya kiraka mlikuwa na kete. Shembilu aliiangalia tangu saa nane mpaka saa kumi. Saa kumi akavuta. Asubuhi yake alisimama foleni kama watu wengine, akafika dirishani, Sista akamtazama kwa macho yale ya kumwamini, na neno likamkwama.

"Sikuogopa jela," alisema. "Jela naijua, hata kunguni wake wananijua. Niliona haya. Miezi kumi na minne Sista ananiita Fundi."

Kisha akaniuliza nitasemaje nikiulizwa. Ningeweza kumfariji. Nilijua kabisa kwamba Baraza likishaona Sikio limekosea mara mbili, litafuta na ya tatu bila kuuliza, nami nikinyamaza atarudi kwenye gurudumu lake na kituo chetu kitabaki safi. Na nilijua upande wa pili: mwaka huu Bunge linaamua kama Sheria ya Tiba itadumu au itakufa, na wako wanaongoja kusikia neno moja tu, kwamba unga umeingia Mwambakuu.

"Nikiulizwa nitasema kweli," nilimwambia. "Nisipoulizwa, sijui."

"Hujui," alirudia. Akachukua spana. "Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika juu ya dirisha letu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Herufi kubwa, rangi ya bluu. Kila asubuhi naisoma nikinywa. Ungeandika neno rahisi zaidi."

Alitia sahihi ruhusa kwa mkono wenye grisi. Faili lote.

* * *

Baraza lina watu watatu, na mwenyekiti wake ni hakimu mstaafu, Mheshimiwa Msangazi, mzee mrefu wa sauti nzito. Aliingia amejishika shavu. Kwenye meza mbele yake, kama kielelezo, tulikuwa tumeweka Sikio, nami nilikuwa nimemwomba Masalu aliwashe. Nilikuwa nimepanga kumsalimu yeyote atakayeketi pale. Lile shavu lilikuwa riziki yangu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri," alisema, akafungua faili.

Sikio likawaka jekundu. Wajumbe wawili walilitazama, kisha wakamtazama mwenyekiti, kisha wakatazama dari. Mzee Msangazi aliliinamia lile dude kama mtu aliyetukanwa na kuku.

"Ila hili jino," alisema, "halijanipa usingizi siku ya pili leo."

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Nilimwomba radhi Mheshimiwa kwa kumfanya mfano. Nikamwambia kwamba kwa mujibu wa Kifungu cha Kumi na Nne amebakiza mara mbili. Kisha nilisikilizisha sauti. Nzuri, na mlio mdogo wa taa, na baada ya pumzi moja: ila mama amefariki alfajiri. Nzuri, mlio, pumzi: ila homa imenishika. Nikawaeleza mashine ilisomea wapi. Sikupamba. Nilisema swali ni langu na kosa ni langu, kwamba nilichukua salamu nikaifanya ushahidi, na kwamba salamu si ushahidi. Nilisema nchi hii ilithubutu kuwatoa watu wake jela, na kazi iliyobaki ni kuitoa jela kwenye maneno yetu, maana mle ndani bado imejificha.

Nilikuwa nimesema vizuri. Nililijua hilo, na mwili wangu wote ulitaka kukaa chini.

Mzee Msangazi hakuwa akinitazama. Alikuwa akiligeuza Sikio mkononi.

"Nilikalia kiti cha hakimu miaka ishirini na sita," alisema. "Niliuliza swali, nikapewa neno la kwanza, nikaandika. Wengine niliwapeleka humu humu Mwambakuu." Aliliweka chini. "Sikupata kungoja ila ya mtu."

Mjumbe wa kushoto alishika kalamu, akasema basi ni dhahiri, taa zote tatu zifutwe. Masalu alinivuta upindo wa khanga kwa siri. Shembilu, kwenye benchi la ukutani, alikuwa anatazama mikono yake.

"Na ya tatu?" aliuliza Mzee Msangazi. "Hatujaisikia ya tatu, binti yangu. Nayo ilikuwa na ila?"

Niliisikilizisha. Nzuri. Mlio. Kisha vikombe vikigongana kwenye beseni, na mtu wa pili kwenye foleni akisogea mbele.

Ningeweza kusema pale pana kelele. Ningeweza kusema ila yake imemezwa na vikombe. Mashine ilikwisha kuvuliwa nguo mbele ya watu. Hakuna ambaye angeiamini dhidi yangu. Lakini nilikuwa nimesimama pale kudai kwamba Kiswahili chetu kina mahali pa kuweka ukweli. Nikilifukia pengo hili, nimedanganya mara mbili, na mara ya pili kwa lugha ninayoringia.

"Haina ila, Mheshimiwa," nilisema. "Hii ya tatu Sikio lilikuwa sahihi."

Masalu aliuachia upindo wa khanga. Mjumbe wa kushoto alishusha kalamu. Sikuthubutu kutazama benchi la ukutani, lakini nilisikia mbao zikilia mtu alipoinuka.

Mzee Msangazi alimgeukia Shembilu. Kisha alifanya jambo ambalo kanuni za Baraza hazilijui. Alilifunika Sikio kwa kofia yake.

"Habari za leo, Fundi?"

"Nzuri," alisema Shembilu.

Mzee akangoja. Alikaa na shavu lake lililovimba, mikono juu ya meza, akangoja kama mtu asiye na safari. Sista Eliaichi, aliyekuwa karibu na mlango, aliweka mkono mdomoni.

"Ila Jumatatu nilivuta," alisema Shembilu. "Kete moja. Jumanne Sista aliponiuliza niliona haya, nikaishia njiani. Ndiyo namalizia sasa."

* * *

Uamuzi uliandikwa siku ile ile. Taa mbili zilifutwa. Ya tatu ilibaki, na moja si tatu. Mgonjwa Shembilu aongezewe kipimo cha dawa na aonane na mshauri kila siku kwa majuma sita. Sikio lizimwe mpaka lifunzwe upya, kwa sauti za watu wanaosalimiana kwa hiari yao. Na mstari wa mwisho, ambao mjumbe mmoja aliomba usiandikwe, tuliuandika: kwamba unga uliingia Mwambakuu, na kwamba tulijua kwa sababu mgonjwa alisema.

Ule mstari ulitoka magazetini kesho yake. Wako waliopiga kelele bungeni wakitaka nondo zirudishwe. Mimi nilikuwa sokoni na kinasa sauti, naomba ruhusa za wauza samaki, mafundi cherehani, wanawake wanaotoka msibani. Tulikusanya salamu miezi minne, Masalu na mimi. Nzuri, ila mvua. Njema, ila mtoto hajalala. Salama, ila we acha tu. Sijapata kusikia watu wakisema kweli kwa adabu kiasi hicho, na kila jioni nilirudi kituoni kichwa juu.

Siku Sikio liliporudishwa mezani nilikuja mapema. Shembilu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wa pili, nyuma yake, alisimama mtu mwenye baiskeli yenye kiraka kipya kwenye tairi la mbele. Ilikuwa asubuhi yake ya tatu dirishani, na jasho la arosto bado lilimtoka shingoni. Ni yule rafiki wa kete; Shembilu ndiye aliyemleta.

Shembilu alikunywa. Akarudisha kikombe.

"Habari za leo, Fundi?" aliuliza Sista Eliaichi.

"Nzuri."

Sikio halikuwaka. Lilingoja. Sista naye akangoja, na foleni yote ikangoja, watu arobaini, kimya, mpaka nikasikia maji yakidondoka kwenye mtungi. Shembilu alitutazama, akaona kwamba hakuna anayemharakisha. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Leo," alisema, "sina ila."